Baiskeli ya Gia Moja Haiharibiki Ghafla

Phoenix au Hero ikipita barabarani na magunia mawili ya mkaa kwenye keria, ni rahisi kudhani kwamba chuma kile hakitaki matunzo. Baiskeli hizo hudumu kwa sababu zina vitu vichache: gia moja mbele, friwili moja nyuma, cheni moja inayoziunganisha, na karibu kila kiungo kiko wazi mbele ya macho. Kwa anayeanza, hiyo ni bahati kubwa. Cheni hulegea siku nyingi kabla ya kukatika. Spoku hulia kabla ya rimu kupinda. Krenki hugonga kabla ya kuachia. Baiskeli ya namna hii haiharibiki ghafla. Huharibika taratibu, mwenyewe akiwa juu yake hasikilizi.

Kwa hiyo kazi zako ni tatu: kuzijua dalili hizo, kufanya kwa mikono yako zile kazi chache zinazojirudia, na kujua pa kuishia ili umwachie fundi. Maelezo haya yanalenga baiskeli ya kawaida ya kwetu, yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma au za waya. Mbele kidogo kuna maneno machache kwa mwenye baiskeli isiyo na friwili.

Vifaa vya kuanzia

Huhitaji sanduku zima la fundi. Nunua spana namba 14 na namba 15, kwa kuwa mara nyingi ndizo zinazofungua nati za magurudumu. Ongeza spana malaya kwa nati za ukubwa mwingine, bisibisi, pampu, viraka, solusheni, kipande cha msasa na vyuma viwili vya kutolea tairi. Weka pia mafuta ya taa kidogo, oili safi ya injini kwenye kikopo chenye mdomo mwembamba, kopo la grisi na matambara.

Kabla hujashika spana, shika jambo moja: wanaoanza huharibu zaidi kwa kukaza kuliko kwa kuacha kitu kimelegea. Nati za magurudumu zinastahimili nguvu, lakini boliti za breki na za madigadi ni nyembamba. Ukizikamua kwa spana ndefu, nyuzi zake zinakatika na boliti haishiki tena. Na ukitumia spana malaya, bana taya zake mpaka ziikumbatie nati pasipo nafasi. Ikiteleza mara mbili tatu, kona za nati zinakuwa duara, na hapo hata spana sahihi haitasaidia.

Ukaguzi wa dakika tano

Fanya ukaguzi huu kila wiki, au kila asubuhi kama baiskeli ndiyo inayokulisha.

1. Inua gurudumu la mbele, lizungushe na utazame rimu inavyopita kati ya raba za breki. Ikiyumba, kuna spoku zilizolegea. Kisha shika tairi ulisukume kushoto na kulia; likicheza, koni za habu zinahitaji kurekebishwa.
2. Bana breki ya mbele, kisha isukume baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mgongano chini ya usukani, shingo ya foku imelegea.
3. Bana breki zote mbili kwa nguvu. Vishikio visifike kugusa usukani.
4. Shika krenki zote mbili uzitikise kushoto na kulia. Zisicheze.
5. Rudia kwa gurudumu la nyuma yale uliyofanya mbele, kisha gusa nati za magurudumu kwa spana kuhakikisha zimekaza.
6. Inua baiskeli sentimita chache kutoka ardhini, uiachie. Madigadi, keria au kengele iliyolegea itajitaja yenyewe kwa mlio.

Kama unabeba mizigo, malizia kwa kukagua fremu. Futa vumbi kwenye maungio ya nyuma, pale ekseli inapokaa, na kwenye foku karibu na shingo. Mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi iliyopasuka unaweza kuwa ufa. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na wapo wanaobeba matatu au manne kwa safari moja. Ufa mdogo hauwezi kuvumilia mzigo huo kwa muda mrefu.

Upepo, valvu na pancha

Soma ubavuni mwa tairi lako. Baiskeli nyingi za inchi 28 za aina hii hutumia tairi la 28 × 1½, na karibu na namba hiyo huandikwa kiwango cha upepo. Kwa kawaida ni kati ya psi 40 na 60. Nyuma jaza zaidi kuliko mbele, hasa ukiwa na mzigo. Tairi lenye upepo mdogo hubanwa kati ya jiwe na rimu, na tyubu hupata matundu mawili yanayokaribiana. Ukiyaona mawili hivyo, usitafute mwiba. Ongeza upepo. Ukienda kujaza kwenye kompresa ya kituo cha mafuta, jaza kwa vipindi vifupi ukibonyeza tairi kwa kidole gumba, kwa maana tyubu ya baiskeli ni ndogo na kompresa haina subira.

Tairi likikutwa limeisha upepo asubuhi, usikimbilie kulifungua. Baiskeli nyingi za zamani zina valvu yenye kimpira chembamba kilichovishwa kwenye sindano ya ndani. Upepo wa pampu unapita kando ya kimpira hicho kuingia, na chenyewe kinazuia usitoke. Jua na muda hukikausha mpaka kinapasuka, na upepo unatoka polepole usiku kucha. Paka mate au maji ya sabuni juu ya valvu. Mapovu yakitokea, fungua nati ndogo, chomoa sindano, vua kimpira kikuukuu, uvishe kipya ukikilowesha kidogo ili kiteleze. Kipande cha kimpira ni rahisi kuliko kiraka, na kinakaa mfukoni. Nunua vichache uwe navyo.

Kama ni pancha ya kweli, fuata utaratibu huu:

Toa upepo wote, kisha bonyeza kingo za tairi kuzunguka pande zote ili ziachie rimu. Ingiza chuma cha kwanza chini ya ukingo, kiinamishe, kisha ingiza cha pili umbali wa spoku mbili tatu. Toa upande mmoja tu wa tairi, uvute tyubu nje. Usitumie bisibisi: huongeza tundu la pili. Jaza tyubu upepo, izamishe kwenye karai la maji kipande kwa kipande, na pale mapovu yanapotoka weka alama.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiruka. Linganisha tundu la tyubu na mahali pake kwenye tairi, kisha pitisha kitambaa ndani ya tairi kuzunguka lote. Kitambaa kitanasa mahali penye mwiba. Usitumie kidole, kinaweza kuchanika. Wakati wa kiangazi, njia za vumbi hujaa mbigili, na mwiba wake huvunjika ncha ikabaki ndani ya mpira usiione kwa nje. Ukiziba tyubu bila kuitoa ncha hiyo, utaziba tena kabla hujafika mbali.

Piga msasa eneo pana kuliko kiraka mpaka mng'ao wa mpira uishe. Futa vumbi, paka solusheni tabaka jembamba, kisha subiri mpaka ikauke, isishike kidole unapoigusa ukingoni. Hapa ndipo viraka vingi hufia: kiraka kikibandikwa juu ya solusheni mbichi, hubanduka. Bandika, bonyeza kuanzia katikati kwenda kingoni, kisha rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo ili isijikunje. Malizia kurudisha ukingo wa tairi kwa vidole gumba ukiishia penye valvu, na kabla ya kujaza sukuma valvu ndani kidogo ili tyubu isinaswe chini ya ukingo.

Cheni

Kwenye baiskeli ya gia moja cheni hupita njia moja iliyonyooka maisha yake yote, kwa hiyo hudumu ikitunzwa. Maadui zake ni wawili: vumbi na oili nyingi. Wa pili huwashangaza watu. Cheni iliyomwagiwa oili hunasa mchanga, na mchanga ukichanganyika na oili unasaga pini kutoka ndani. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ni mbaya zaidi, kwani imekwisha kubeba masizi na chembe za chuma. Mafuta ya kupikia nayo huganda na kunata.

Njia sahihi ni hii. Lowesha tambara kwa mafuta ya taa, shika cheni kwa tambara hilo huku ukizungusha pedeli kinyumenyume, mpaka weusi upungue. Acha ikauke. Kisha weka tone moja la oili safi juu ya kila kiungo, kwa upande wa ndani wa cheni, ukiendelea kuzungusha taratibu. Subiri dakika kadhaa ili oili ipenye, halafu futa cheni yote kwa tambara kavu. Oili inayohitajika ni ile iliyo ndani. Ya nje haina kazi ila kukusanya vumbi. Wakati wa mvua fanya hivi mara kwa mara zaidi, maana maji huiosha oili na kuacha kutu.

Ili kujua kama cheni imechoka, chukua rula yenye inchi. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi kamili. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele: katikati ya pini ya 24 panapaswa kuwa kwenye inchi 12. Pini ikiwa imevuka alama hiyo kwa milimita 3, cheni imekwisha. Inapovutika hivyo, hailali tena ndani ya meno bali hupanda juu yake, na meno huchongoka upande mmoja kama pezi la papa. Gia ikifika hapo, cheni mpya haitakaa vizuri juu yake. Itaruka unapokanyaga kwa nguvu mlimani. Ndiyo maana cheni inayobadilishwa mapema huokoa pesa ya gia ya mbele na friwili.

Cheni mpya huunganishwa kwa kiungo chenye klipu ndogo. Upande wa klipu uliofumba uelekee kule cheni inakokwenda: ukitazama sehemu ya juu ya cheni, uelekee mbele. Ukigeuza, kitu chochote kitakachoigusa njiani kinaweza kuichomoa.

Kukaza cheni na kunyoosha gurudumu

Baiskeli hizi hazina kifaa cha kuvuta cheni chenyewe kama zile za gia nyingi. Mvutano unawekwa kwa kusogeza gurudumu la nyuma. Zungusha krenki taratibu ukigusa cheni katikati ya gia ya mbele na friwili. Utakuta mahali fulani inakaza zaidi na pengine inalegea, kwa kuwa gia ya mbele ni nadra kuwa duara kamili. Simamisha pale inapokaza zaidi, upime hapo: icheze juu na chini kama sentimita 1 hadi 1.5. Chini ya hapo, gololi na pini zinaumia na pedeli zinakuwa nzito. Zaidi sana ya hapo, cheni inaweza kuchomoka.

Legeza nati za nyuma pande zote mbili, si kuzitoa. Vuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikae sawa, ukaze kidogo upande wa cheni. Kisha, ukitazama kutoka nyuma, sogeza tairi mpaka nafasi kati yake na fremu ilingane kushoto na kulia. Kaza upande wa pili, rudi ukamalize wa kwanza. Pima cheni tena, kwani wakati wa kukaza gurudumu hupenda kusogea. Mwisho kagua breki ya nyuma: gurudumu likisogea, raba hazikutani tena na rimu pale pale.

Breki

Breki za vyuma huvuta raba kwenda juu ili zigandamize upande wa ndani wa rimu, ule unaotazamana na habu. Acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya raba na rimu. Nafasi ikiongezeka kwa sababu raba imelika, legeza boliti inayounganisha vyuma viwili, vuta, kisha kaza. Raba ikibaki nyembamba kiasi cha chuma kukaribia rimu, badilisha zote mbili za gurudumu hilo. Za waya nazo kagua pale waya unapoingia kwenye kishikio. Nyuzi zikianza kukatika moja moja, badilisha waya leo.

Rimu ya chuma ikilowa, breki hupoteza nguvu nyingi. Kwenye mvua anza kubana mapema, kwa kugusagusa, ili raba zifute maji kwanza. Na unapotia oili mahali popote, weka tambara juu ya rimu. Tone moja likifika hapo, futa kwa maji ya sabuni kabla hujapanda.

Krenki na pedeli

Krenki nyingi za baiskeli hizi zimeshikwa na kotapini, kipini cha chuma chenye ubavu uliochongwa bapa. Ikilegea, utasikia mguu mmoja ukigonga mahali pale pale kila mzunguko. Usiendelee kukanyaga: kila mgongano unaichubua zaidi, na mwishowe krenki yenyewe inapanuka tundu.

Watu wengi hukaza nati na kudhani wamemaliza. Nati haikuwekwa kuvuta pini. Kazi yake ni kuizuia isirudi. Egemeza krenki juu ya gogo au kipande cha bomba ili pigo lisifike kwenye gololi, gonga kichwa cha pini kwa nyundo mpaka ikae, ndipo ukaze nati kwa kiasi. Pini ikiwa imechubuka, nunua mpya ya kipenyo kile kile. Zinapofungwa mbili, za kushoto na kulia huingia kutoka pande zinazopingana, ili krenki zibaki kwenye mstari mmoja.

Ukibadilisha pedeli, kumbuka kwamba ya kushoto ina nyuzi za kinyume: hufunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa unavyokwenda. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi kabla ya kufunga, utamshukuru mkono wako siku ya kuifungua.

Gololi na spoku

Kazi ya kwanza ya gololi inayomfaa mwanafunzi ni habu ya mbele. Tandika kitambaa cheupe, fungua upande mmoja, toa ekseli juu ya kitambaa. Habu za mbele za kawaida zina gololi 10 kila upande, za nyuma 9 kubwa zaidi. Hata hivyo zihesabu zako. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa. Koni yenye vishimo au mstari uliochimbika haifai tena. Ukibadilisha gololi, badilisha zote kwa pamoja, kwa maana moja mpya kati ya kuukuu hubeba mzigo wote peke yake. Jaza grisi kwenye bakuli, zipandikize gololi ndani yake, rudisha ekseli.

Kaza koni kwa vidole mpaka gurudumu lisicheze, irudishe kidogo sana, kisha funga nati ya juu yake. Sasa liinue gurudumu, liache lisimame lenyewe. Uzito wa valvu ukiweza kulivuta polepole mpaka valvu ikae chini kabisa, na tairi halichezi kushoto na kulia, umepatia.

Spoku zisikilize kwa kuzigusa mojamoja kwa ukucha. Desturi ya baiskeli za mtindo wa Kiingereza ni spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa mzigo uko nyuma. Zinazotoa mlio mzito na mlegevu kuliko jirani zake zimelegea. Kaza kwa robo mzunguko tu, uzungushe gurudumu, utazame. Spoku moja ikikatika, iondoe au ifunge kwenye jirani yake, uende bila mzigo mpaka kwa fundi.

Kama haina friwili

Baiskeli ambayo pedeli hazisimami wakati gurudumu linazunguka hupendwa na vijana wa mijini huko Ulaya na Marekani, na baadhi ya Waswahili wanaoishi huko huiendesha. Utunzaji ni ule ule, ila mvutano wa cheni unakuwa suala la usalama: cheni ikichomoka, gurudumu la nyuma linaweza kufunga ghafla. Gia ya nyuma hubanwa na pete yenye nyuzi za kinyume. Ikague mara kwa mara. Usiondoe breki ya mbele kwa kupenda mtindo. Uingereza, kanuni za mwaka 1983 zinataka baiskeli ya namna hiyo iwe na breki ya mbele.

Pa kumwachia fundi

Kunyoosha rimu iliyopinda, kuchomelea fremu, kufungua ekseli ya katikati na kubadilisha friwili viache kwa fundi mpaka umemtazama akifanya. Friwili inahitaji kifaa chake, na ikianza kuteleza ukikanyaga, isipewe siku nyingine. Huachia mlimani, ukiwa umesimama juu ya pedeli.

Ukienda kwake, usiseme tu kwamba baiskeli ni mbovu. Mwambie: “Fundi, inagonga mguu wa kushoto ukifika chini, nikikanyaga kwa nguvu tu.” Au: “Tairi linaisha upepo usiku, mchana halina shida.” Maelezo ya namna hiyo humpeleka moja kwa moja kwenye tatizo, nawe hulipii vitu visivyohitaji kubadilishwa. Omba uchukue kifaa kilichotolewa, ukitazame kimelika wapi.

Na kama Jumamosi hii una nusu saa tu, acha mengine yote ufanye matatu: badilisha kimpira cha valvu, pima cheni kwa rula, tazama unene wa raba za breki. Mawili ya kwanza ndiyo huwaacha watu njiani. La tatu ndilo huwavunja mikono.